Kuta Zinenazo za Granada

Wahenga walisema, tembea ujionee. Nami nimetembea nikajionea, na zawadi ninayokuletea, msomaji wangu, yatoka Granada, mji wa kusini mwa Hispania.

Juu ya kilima cha mji huo lipo jumba la Alhambra. Jina hilo ni la Kiarabu, al-Hamra, yaani lenye wekundu. Masultani wa ukoo wa Banu Nasr walianza kulijenga katika karne ya 13, wakakaa humo hadi tarehe 2 Januari 1492, siku ambayo Sultani Abu Abdillahi aliwakabidhi mji Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella.

Tuliingia kundi la watalii, tukiongozwa na kijana mwenye adabu zake. Akatueleza habari za chokaa, vigae na mifereji ya maji. Tulipofika Ua wa Simba, penye simba 12 wa marumaru wabebao birika, alinyoosha kidole ukutani akasema, "Haya yote ni mapambo."

Mapambo! Nilisogea, nikaanza kusoma kwa sauti ya chini, kama nilivyokuwa nikisoma ubao wangu chuoni mbele ya maalim: Wa la ghaliba illa Allah. Hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Maneno hayo ya Banu Nasr yamekaririwa kutani humo mara zisizo idadi. Bibi mmoja wa Kizungu akanishika mkono akaniuliza, "Kumbe yanasomeka?" Nikamfasiria, na kundi zima likanizunguka. Siku hiyo nilimsamehe maalim bakora zake zote.

Lakini lililonigusa zaidi, mimi mtunga mashairi, ni ukingo wa lile birika. Pamechongwa shairi la Ibn Zamrak, malenga na waziri aliyezaliwa papo hapo Granada mwaka 1333. Ya kwetu huandikwa karatasini yakaliwa na mchwa. Yake yamo katika jiwe, na maji yangali yakipita.

Nikateremka mjini hadi uwanja wa Bib-Rambla, wanapouza maua na kahawa. Hapo ndipo, miaka michache baada ya mji kutekwa, Kardinali Cisneros alipochoma vitabu vya Kiarabu kwa maelfu. Mwisho wao, wazao wa Waislamu wale walifukuzwa Hispania kati ya mwaka 1609 na 1614. Vitabu vikawa majivu, wasomaji wakatawanywa, kuta zikabaki zikisema peke yake.

Alasiri nilisali katika msikiti wa mtaa wa Albaicín, uliofunguliwa mwaka 2003. Ukitoka bustanini mwake, Alhambra yote iko mbele ya macho yako. Hapo moyo wangu ulirudi pwani. Niliikumbuka milango ya Lamu na Mombasa iliyochongwa aya, na tenzi za wazee wetu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zilizolala makashani. Ni vijana wangapi wawezao kuzisoma? Watu wa Granada walinyang'anywa kwa moto na upanga. Sisi hakuna aliyetunyang'anya, twaacha wenyewe.

Niliporudi nyumbani nilifungua kasha la marehemu baba, nikampangusia mjukuu wangu vumbi la waraka wa juu. Akaniuliza, "Babu, haya ni mapambo?"

Nikamwambia, "Kaa kitako, mwanangu. Tuanze na alifu."