Ukitaka kununua kamioneti iliyotumika, inama kwanza



Mtu akipokea pesa ya mwisho wa kazi, ile tunayoiita dekonti, au ndugu wakikusanya akiba yao pamoja, neno moja husikika mara nyingi katika kambi: «Tununue kamioneti, iende Vitshumbi kuleta samaki.» Neno hilo si baya. Samaki wa ziwa Edward wanapendwa Goma na katika machimbo, na kamioneti nzima inaweza kulisha nyumba hata baada ya kazi kwisha. Lakini pesa hiyo ni jasho la miaka mingi, na ikipotea hairudi.

Mtu atauliza: Kwa nini ukurasa wa usalama na afya unasema habari za kununua gari? Jibu ni fupi. Gari bovu haliletwi dispanseri. Wanaoletwa ni watu waliokuwa ndani yake, na wale waliokaa juu ya mzigo. Mguu uliovunjika, kichwa kilichopigwa chini, mtoto aliyevuta moshi: mara nyingi mambo haya yalianza siku ile gari liliponunuliwa kwa haraka.

SAFARI YENYEWE

Kabla ya kutazama gari, tazama kazi utakayolipa. Vitshumbi iko kwenye pwani ya kusini ya ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Kutoka Goma unapita Rutshuru, Kiwanja na Mabenga, unashika uwanda wa Rwindi, kisha unaelekea ziwani. Ni zaidi ya kilomita 100. Ziwa liko karibu mita 900 juu ya bahari, na Goma iko karibu mita 1,500. Maana yake ni hii: gari linakwenda tupu likiteremka, linarudi na mzigo likipanda. Ukipeleka samaki upande wa Kanyabayonga, mlima ni mkali zaidi, na kurudi ni kuteremka kwa freni, kona baada ya kona.

Gari likiharibika uwandani, usiende kwa miguu usiku kutafuta fundi. Kuna viboko, tembo na simba. Na samaki mbichi hangoji: jua moja tu, na mtaji wako umeoza.

Tena kuna jambo la vita. Mwezi wa Machi 2024 vita ilifika Vitshumbi yenyewe, na mwezi wa Januari 2025 ilifika Goma. Kwa hiyo usinunue gari kwa hesabu ya safari za zamani. Uliza wale wanaosafiri njia hiyo sasa, na uweke katika hesabu yako miezi ambayo gari linaweza kulala bila kazi.

GARI GANI?

Wengi huuliza juu ya jina la gari. Toyota Hilux imeuzwa duniani tangu mwaka 1968, na Land Cruiser za aina ya 70 tangu mwaka 1984. Zimeenea kwetu kwa sababu mafundi wanazijua na vipuri vyake vinapatikana. Hiyo ndiyo kanuni: nunua gari ambalo fundi wake na vipuri vyake viko karibu nawe. Gari zuri ambalo kipuri chake kinatoka mbali litakaa miezi mitatu uwanjani kwako, kuku wakitaga ndani.

Uliza pia aina ya injini. Injini za mazuti za zamani, kama 1HZ ya Land Cruiser au 2L, 3L na 5L za Hilux, zinavumilia zaidi mazuti yasiyo safi. Injini mpya zina nguvu na zinakula kidogo, lakini pampu yake husukuma mafuta kwa mgandamizo mkubwa sana. Maji na uchafu kidogo vinaweza kuharibu sindano zake za mafuta, na kutengeneza ni pesa nyingi. Ikiwa utanunua mazuti kwa wale vijana wa kando ya barabara tunaowaita kadhafi, fikiri vizuri kabla ya kuchukua injini ya namna hiyo.

INAMA UTAZAME CHINI

Wazee walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa kamioneti iliyofanya kazi ya samaki, maneno hayo ni sheria.

Samaki wengi wa Vitshumbi hutiwa chumvi ili wasioze. Maji ya chumvi hutiririka kutoka kwenye mzigo, hupita katika matundu ya sanduku la nyuma, na kuangukia shasi. Chumvi hushika unyevu, na chuma hakikauki. Tena shasi ina uwazi ndani kama bomba: maji yakiingia, kutu hula kutoka ndani, na nje rangi bado inang'aa. Muuzaji hupaka lami au oili chafu, na mnunuzi anasema: «Gari hili limetunzwa.»

Chukua nyundo ndogo. Gonga shasi polepole kutoka mbele mpaka nyuma, zaidi mahali inapopinda juu ya ekseli ya nyuma na mahali springi zinaposhikwa. Chuma kizima hulia kama kengele. Chuma kilichooza hutoa sauti ya ubao, na magamba yanaanguka. Mahali palipochomelewa, uliza sababu. Halafu fuata kwa macho yale mabomba membamba ya chuma yanayopeleka mafuta ya freni nyuma. Yakiwa yamekula kutu, siku moja utakanyaga freni mlimani na bomba litapasuka.

Injini iliyokufa inaweza kubadilishwa. Shasi iliyooza, achana nayo, hata kama bei ni ndogo.

Neno la usalama: usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Zuia magurudumu kwa mawe, weka magogo imara chini ya shasi, ndipo uingie. Wewe uliyefundishwa machimboni kutoamini dari isiyo na nguzo, usiamini jeki.

INJINI BARIDI

Mwambie muuzaji kwamba utakuja asubuhi na mapema, na kwamba asiwashe gari. Ukifika, weka mkono juu ya kifuniko cha injini. Kikiwa na moto, mtu huyo ameshaliwasha ili kuficha jambo. Rudi kesho.

Injini ikiwa baridi, fungua rejeta. Usiifungue kamwe ikiwa na moto. Maji yake yanaruka na kuunguza uso na macho. Maji yenye mafuta juu yake, au oili yenye rangi ya maziwa, ni dalili kwamba maji na oili vimekutana ndani. Kwa mlima wa kutoka ziwani, injini hiyo haitafika.

Sasa washa, na utazame moshi kama vile sisi tunavyotazama makohozi ya mgonjwa:

— Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi, ukiisha upesi, si ugonjwa. Ukiendelea wakati injini imepata moto, huenda maji yanaingia katika silinda, au mazuti hayaungui vizuri.

— Moshi wa bluu: injini inakula oili.

— Moshi mweusi mzito: chujio la hewa limeziba, au sindano za mafuta zimechoka. Mara nyingi hilo linatengenezeka, lakini punguza bei.

Uliza juu ya mkanda wa ndani unaoendesha vali. Injini nilizotaja juu zote zina mkanda huo, na desturi ni kuubadilisha kila kilomita 100,000. Ukikatika, injini inaweza kuvunjika palepale. Muuzaji asipojua ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haukubadilishwa. Na usiamini sana namba ya kilomita kwenye saa, maana inaweza kurudishwa nyuma. Tazama pedali na kiti cha shofere: pedali iliyolika mpaka chuma haikutembea kilomita kidogo.

FRENI, USUKANI NA MIPIRA

Kanyaga freni kwa nguvu, ushikilie kwa muda wa dakika moja. Pedali ikizama polepole, kuna mahali mafuta yanatoroka. Jaribu freni ya mkono juu ya mteremko. Inua gurudumu moja moja na ulitikise juu na chini, kushoto na kulia. Likicheza, kuna kitu kimelika. Katika safari ya kujaribu, ingiza vitesi vyote, pamoja na ile ya magurudumu manne. Kitesi kinachoruka chenyewe kitaruka mlimani pia.

Mipira ya magurudumu ina umri wake. Ubavuni tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Mpira wa zamani wenye nyufa ni hatari, hata kama meno yake bado marefu. Na mawe makali ya Nyiragongo, yaliyomiminika mwaka 1977, mwaka 2002 na mwaka 2021, hayana huruma kwa mpira uliochoka.

Magari mengi yaliyotumika yanayofika kwetu kupitia Mombasa na Dar es Salaam yana usukani upande wa kulia, nasi tunatembea mkono wa kulia. Shofere wa gari hilo haoni vizuri anapotaka kupita lori lililo mbele. Ukilinunua, mfundishe shofere wako subira.

HEWA INAYOUA KIMYAKIMYA

Jambo hili wachimbaji wanalijua. Baada ya kupasua mwamba kwa baruti hatuingii mara moja, kwa sababu ya hewa ya sumu. Mojawapo ya hewa hizo, monoksidi ya kaboni, inatoka pia katika bomba la moshi la gari. Haina rangi wala harufu. Bomba likitoboka chini ya kiti, au moshi ukirudi nyuma chini ya turubai, watu huanza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu na kutapika. Wengine hulala, na hawaamki. Shofere anasema wamechoka na safari.

Kwa hiyo sikiliza bomba la moshi lote, kutoka injini mpaka nyuma, na utafute alama nyeusi za moshi kwenye maungio. Abiria akilalamika kichwa, simamisha gari na umpeleke kwenye hewa safi. Asipopata nafuu upesi, au akilegea, mfikishe dispanseri bila kuchelewa.

KARATASI NA PESA

Namba ya shasi iliyopigwa kwenye chuma chenyewe, mara nyingi karibu na gurudumu la mbele, iwe sawasawa na ile ya karte rozi na ya karatasi za duane. Namba iliyokwaruzwa au iliyozungukwa na alama za kuchomelea ni onyo kwamba gari linaweza kuwa la wizi. Litachukuliwa, na pesa yako haitarudishwa.

Usilipe peke yako, wala siku ile ile. Nenda na fundi unayemchagua wewe, umlipe wewe, asiye ndugu wa muuzaji. Mama wa nyumba, una haki ya kuuliza kabla pesa haijatoka sandukuni: Nani ametazama chini ya gari? Karatasi ziko wapi? Baada ya kununua, tutabaki na nini cha kula na cha shule? Mume mwenye busara hakasirikii maswali hayo.

Tena usimalize pesa yote katika kununua. Weka sehemu moja ya tano kwa oili, machujio, mkanda, mipira na freni. Gari lililotumika likiletwa nyumbani ni kama mgonjwa aliyetoka hospitali: bado linahitaji dawa.

GARI LIKIWA LAKO

Jua uzito ambao gari lako limeruhusiwa kubeba. Kwa kamioneti nyingi za namna hii ni karibu tani moja. Ukipakia tani mbili, halafu watu kumi juu yake, umeharibu kazi yote uliyoifanya ulipochagua. Freni zilizotengenezwa kwa tani moja hazitashika mbili kwenye mteremko wa Kanyabayonga. Mtu anayekaa juu ya magunia hana mshipi wala cha kushika. Katika kona moja anatupwa.

Kila ukirudi kutoka ziwani, osha sanduku na sehemu za chini kwa maji mengi yasiyo na chumvi, kisha acha zikauke. Funika samaki na weka ubao wenye kingo, ili maji yao yasishuke kwenye shasi. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na itaongeza miaka ya gari lako.

Ndugu msomaji, mwenye haraka ya kuuza atakuambia kwamba kuna mnunuzi mwingine anakuja mchana. Mwache aje. Wewe chukua nyundo yako, mwite fundi wako, uiname. Kamioneti nyingine itapatikana. Mguu wa mtoto wako na akiba ya miaka yako havina vipuri.