Kabla ya Kununua Betri Nyingine

Wateja wengi hawaji kwangu na pikipiki mbovu. Wanakuja na hukumu. "Fundi, niwekee betri mpya, hii imekufa." Nikiuliza nani ameipima, kimya. Ukweli ni kwamba betri nyingi zinazoondolewa hapa Chebunyo hazina kosa. Kosa liko kwenye waya, au kwenye mashine ya kuzichaji.

Watu wa mbali wakisikia Bomet hufikiria majani chai. Chai iko huko juu, kuelekea Kericho. Sisi wa Chepalungu ni watu wa mahindi na ng'ombe, na maziwa hayamngoji mtu. Tangu serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki ndogo za chini ya 250cc mwaka 2008, mitungi imepanda bodaboda. Alfajiri, mwenye maziwa akiwa na haraka, ndipo selfu hugoma. Baridi hupunguza nguvu ya betri na papo hapo hufanya oili iwe nzito: injini inadai zaidi wakati betri ina kidogo.

Sasa bonyeza selfu usikilize. Ikilia tak-tak-tak haraka haraka, umeme upo lakini hautoshi: betri imeisha chaji au vichwa vyake vimelegea. Ikilia tak moja tu kisha basi, mimi hushuku rilei, au kaboni za ndani ya mota ya selfu zimelika. Mota ikizunguka kwa mlio mwembamba huku injini imetulia, betri haihusiki kabisa; klachi ya selfu imechakaa. Na ikiwa hakuna sauti yoyote, tazama swichi nyekundu ya kuzimia, kisha fyuzi, kisha kama gia iko nyutro. Mara nyingi mtoto amechezea ile swichi nyekundu. Kwa kosa hilo silipishi.

Mdogo wangu anafanya kazi ya kukodisha jeti-ski kule Diani, na tukipigiana simu hujikuta tunazungumzia ugonjwa uleule. Chombo chake nacho kina betri ya volti 12 na selfu, ila hakina kiki wala hakisukumwi kikaamka. Kikinyamaza, kitu cha kwanza anachoangalia ni ile kamba ya mkononi: klipu yake isipokuwa mahali pake, hakiwaki. Adui yake wa pili ni chumvi. Sisi hatuna bahari, lakini tuna matope na maji ya kuoshea pikipiki.

Usipokuwa na mita, tumia honi. Usitegemee taa kubwa, maana kwenye pikipiki nyingi ndogo haiwaki mpaka injini iwe imewaka. Bonyeza honi na selfu kwa pamoja. Honi ikikata kabisa, betri ni tupu au kiungo ni kibaya. Ikiendelea kulia vilevile na selfu imenyamaza, acha betri, fuata swichi na rilei.

Mita ya kawaida ni rahisi kuliko betri, na waendesha boda wa stendi moja wanaweza kuchangia moja. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.0, karibu imeisha. Selfu ikibonyezwa, isishuke sana chini ya 10. Injini ikiwaka na kuongezwa moto kidogo, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12, haichajiwi. Ikipita 15, regyuleta imeharibika na itachemsha maji ya betri hiyo na ya mpya utakayonunua.

Kipimo ninachokipenda zaidi mafundi wengi hukiruka. Weka waya mmoja wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na mwingine kwenye bodi ya injini, kisha bonyeza selfu. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa ethi una kutu. Fungua hasi kwanza ili spana isipige shoti kwenye fremu, sugua kwa msasa, paka Vaseline, halafu rudisha hasi mwisho.

Kinachoua betri kweli ni mapambo. Redio, spika, taa za rangi, chaja ya simu, vyote vinanyonya wakati pikipiki imesimama stendi, na safari fupi za sokoni hazirudishi kilichotoka. Betri ikikaa tupu kwa wiki kadhaa, sahani zake hushika ukoko na haijai tena. Wengine huipeleka ikachajiwe pamoja na betri za lori. Betri ya ampea-saa 5 inataka karibu nusu ampea, kwa saa nyingi. Na pasiwe na moto karibu, kwani betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka.

Baada ya kuchaji polepole usiku kucha na kuipumzisha, pima tena. Ndani kuna vyumba sita, kila kimoja volti 2.1 hivi. Ikikataa kupita 10.5, chumba kimoja kimekufa, na hapo ndipo nakubali tununue. Kuukuu usiitupe shambani. Ina asidi na madini ya risasi. Ipeleke dukani, uitumie kuombea punguzo.