Kimo cha Gari la Chama Baada ya Kurudishwa Springi za Awali

Msimu wa kahawa unapokaribia, chama cha msingi chenye gari lake huweza kuamua kuongeza bapa za springi nyuma, ili gari listahimili magunia katika vilima vya Ngara au katika njia za udongo zinazotoka Runazi na Kalenge wilayani Biharamulo. Msimu ukiisha, gari tupu huruka-ruka, hulegeza boluti na kuwachosha wasafiri. Ndipo bodi ya chama hukata shauri springi za awali zirudishwe.

Shauri hilo ni jema, lakini gari laweza kutoka kwa fundi likiwa halikai kama zamani. Pengine limeinuka mno, pengine limebonyea nyuma, pengine limelalia upande mmoja. Hapo fedha za wanachama huwa hatarini, kwa maana dawa inayotajwa haraka ni kununua springi mpya au kuongeza bapa upande uliolala. Dawa hiyo huficha kasoro, haiiondoi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kuitambua kasoro yenyewe kabla ya malipo yoyote kuidhinishwa.

Kupima kimo

Kimo cha gari kisipimwe kwa macho, wala kisipimwe kutoka ardhini, kwa kuwa tairi lililopungua upepo au kulika hudanganya. Kipimo sahihi ni kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake. Kwa lori lisilo na ukingo huo, hupimwa kutoka juu ya ekseli hadi chini ya chesisi.

Gari lisimamishwe mahali tambarare; sakafu ya saruji ya ghala la chama yafaa sana. Mizigo yote ishushwe, na matairi yajazwe upepo sawasawa. Kisha gari lisukumwe mbele na nyuma hatua chache, na bodi ikandamizwe mara kadhaa ili springi zitulie. Ndipo pembe zote nne zipimwe na tarakimu ziandikwe.

Tuseme mbele ni sentimita 46 kulia na 46 kushoto, na nyuma ni 52 kulia na 49 kushoto. Tofauti ya sentimita moja kwa kawaida si ya kutia hofu. Tofauti ya sentimita tatu, kama hii ya nyuma, lazima itafutiwe sababu.

Gari likikaa juu mno

Sababu ya kwanza ya kuchunguzwa haigharimu kitu. Springi hushikwa kwenye chesisi kwa pini zinazopita ndani ya bushi za mpira. Fundi akikaza pini hizo gari likiwa bado juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, bushi hushikwa katika hali hiyo. Gari likiteremshwa, mpira hujisokota na kuizuia springi isishuke. Matokeo yake gari hukaa juu, na bushi hukatika mapema.

Tiba yake ni kulegeza nati za pini na za shakeli, yaani vile vipande vinavyobembea mwishoni mwa springi, kuteremsha gari likae juu ya magurudumu yake, kulitikisa, kisha kukaza. Kazi hii ifanywe na fundi, na gari lizuiwe kwa vigingi madhubuti.

Sababu ya pili ni vitu vilivyosahaulika: vipande vya chuma vilivyowekwa kati ya springi na ekseli, shakeli ndefu zilizofungwa wakati wa kuinua gari, au bapa ya ziada iliyobaki upande mmoja. Bapa zihesabiwe kila upande. Sababu ya tatu ni springi kuwa mpya kabisa. Springi mpya hushuka kidogo baada ya safari za mwanzo, kwa hiyo ipimwe tena kabla ya kulaumiwa.

Gari likibonyea

Springi za awali zilizotolewa kwa sababu zilikwisha kuchoka haziponi kwa kukaa ghalani. Zikirudishwa, gari litabonyea vile vile. Kabla ya kufungwa, springi ya kulia na ya kushoto zisimamishwe pamoja ukutani zilinganishwe upinde. Kila bapa isafishwe na kuangaliwa kama ina ufa, hasa karibu na tundu la boluti ya katikati.

Kichwa cha boluti hiyo hakina budi kuingia barabara katika tundu lake kwenye kiti cha ekseli. Kisipoingia, ekseli hukaa mshazari na matairi hulika upande. Boluti zenye umbo la herufi U zinazofunga springi kwenye ekseli zibadilishwe kwa mpya, kwa kuwa za zamani zilikwisha kuvutika. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo zikazwe tena.

Ikumbukwe kwamba shokomzoba za kawaida hazibebi gari. Kazi yake ni kutuliza mruko. Chama kinachonunua shokomzoba mpya ili kuinua gari lililobonyea kitakuwa kimetupa fedha.

Gari likilalia upande

Magari mengine, yakiwemo Land Rover za zamani, yalitengenezwa na springi ya upande wa dereva iliyo tofauti na ya upande wa pili. Zikipishana, gari hulala ingawa kila springi ni nzima. Namba zilizochongwa kwenye springi zilinganishwe na kitabu cha mtengenezaji.

Kama chanzo hakijulikani, majaribio mawili yatasaidia. La kwanza, chesisi iinuliwe mbele kwa jeki iliyowekwa katikati kabisa. Nyuma ikijinyoosha, kasoro iko mbele. Nyuma ikibaki imelala, kasoro iko nyuma. La pili, springi za sehemu yenye kasoro zibadilishane pande, kwa gari ambalo springi zake ni sawa pande zote mbili. Mlalo ukihama pamoja na springi, springi ndiyo mbovu. Mlalo usipohama, fundi atazame bushi, viti vya springi na chesisi yenyewe, kwa maana chesisi iliyopinda haiponywi na springi yoyote.

Baadhi ya pikapu, zikiwemo baadhi ya Toyota Hilux za magurudumu manne, hazina springi za bapa mbele. Hutumia fito za chuma zinazojisokota. Fito hizo zina alama za kulia na kushoto, nazo hazibadilishani. Kimo chake hurekebishwa kwa boluti ya mwisho wa fito, kidogo kidogo, kila mara gari likisukumwa na kupimwa upya.

Breki na taa

Jambo hili ni la uhai wa watu. Magari mengi ya mizigo yana vali ya breki iliyounganishwa kwa mkono na ekseli ya nyuma. Vali hiyo huupima mzigo kwa umbali uliopo kati ya bodi na ekseli. Gari lilipoinuliwa, huenda mkono huo ulirekebishwa. Springi za awali zikirudi bila mkono kurudishwa, vali huona kana kwamba gari lina mzigo hata likiwa tupu. Magurudumu ya nyuma hupewa breki nyingi, na katika mteremko wenye utelezi hufunga na gari huteleza. Basi vali na taa za mbele zirekebishwe mara tu kimo kinapokuwa sawa, kisha breki zijaribiwe polepole mahali pasipo na watu.

Vile vile wanachama waelewe kwamba springi ya ziada haiongezi uzito ulioruhusiwa. Ekseli, breki na chesisi hubaki vile vile. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 hupima uzito wa ekseli: tani 8 kwa ekseli ya usukani yenye matairi mawili, na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Gari lililosimama wima kwa springi nene laweza kuwa limezidisha, na chama ndicho kitakacholipa faini barabarani.

Wajibu wa katibu

Springi zinazotolewa ni mali ya chama. Ziandikwe katika daftari la vifaa, zifungwe vibandiko vya kulia na kushoto, zipakwe mafuta zisishike kutu, na ziwekwe mahali pakavu. Vipimo vinne vya gari viandikwe kabla ya kazi na baada yake, fundi na dereva wakitia saini. Hati ya malipo iambatanishwe na karatasi hiyo, ili bodi na wakaguzi wa hesabu wajue kazi gani ililipiwa. Fundi asilipwe sehemu ya mwisho mpaka gari limepimwa mbele ya mjumbe wa bodi.

Safari ya kupeleka gari Kahama au Bukoba kutafuta kasoro iliyokuwa katika nati nne zilizokazwa vibaya ni hasara ambayo mkulima hukatwa katika kila kilo yake ya kahawa. Futi ya kupimia na kalamu zingeizuia. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.