Wangapi Wajua Kusoma?

Mtu mzima akiulizwa kama ajua kusoma, huona haya kujibu la. Kwa hiyo mwaka 2006, Serikali ya Kenya ilipowachunguza watu wa miaka 15 na zaidi, haikutosheka na majibu ya mdomo; walipewa karatasi wazisome na kuandika. Karibu watu 62 katika kila 100 walifaulu kwa kiasi cha chini. Mjini Nairobi walikuwa 87. Katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki, 8 tu!

Lakini hata hesabu ya mkoa huficha mengi. Huko Njoro, karibu na Nakuru, Lord Egerton alianzisha shule ya ukulima mwaka 1939, nayo ikawa Chuo Kikuu mwaka 1987. Hapo mwanzo ilifundisha Wazungu, na vibarua waliolima mashamba ya jirani hawakuwa na nafasi humo. Mkulima asiyejua kusoma hulazimika kumwita mtoto wake amsomee kipimo cha dawa ya ngano kilichoandikwa chupani. Mtoto akikosea, ngano huungua, na deni la mbegu hubaki palepale.