Kifundo cha mkono kwenye tenisi: kwa nini wanaoanza huumia, na wafanye nini

Kuna malalamiko ambayo tunayasikia mara kwa mara kutoka kwa wasikilizaji wetu wa Upanga walioanza kujifunza tenisi. Wiki mbili za kwanza ni raha tupu. Wiki ya tatu mkono unaanza kuuma, pale pale tunapovaa saa. Kufungua chupa ni shida, kukamua nguo ni shida. Wengine wanaacha mchezo. Wengine wanafunga bandeji na kuendelea kupiga, na hao ndio wanaotutia wasiwasi zaidi.

Mkono si wa tenisi peke yake. Fundi cherehani wa Kariakoo, karani anayechapa kompyuta kutwa na mama lishe anayesonga ugali wote wanaishi kwa kifundo hicho hicho. Kikiharibika uwanjani, hasara inakwenda hadi kazini. Ndiyo maana leo tunaeleza kinachotokea ndani ya mkono, makosa yanayoleta maumivu, na maumivu gani hayafai kusubiri.

Ndani ya kifundo kuna nini?

Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8 iliyopangwa safu mbili, kati ya kiganja na mifupa miwili ya mkono wa chini. Misuli mingi inayoendesha vidole na kiganja haiko hapo. Iko juu, karibu na kiwiko, na inavuta kwa kano ndefu zinazopita juu ya kifundo kama kamba. Upande wa kidole kidogo kuna gegedu laini inayosaidia kuishika mifupa pamoja mkono unapozunguka.

Kwa mpangilio huo, kifundo ni kizuri kwa kuelekeza mkono, lakini si mahali pa kutoa nguvu kubwa. Nguvu ya tenisi inaanzia miguuni, inapita kiunoni na begani, kisha inafika kwenye raketi. Kifundo kinaipitisha tu. Anayeanza mara nyingi hufanya kinyume: miguu imesimama, kiuno kimetulia, na kazi yote inaachiwa kifundo.

Mfano rahisi ni kupepea jiko la mkaa. Kipepeo ni chepesi, na mkono unaweza kukipeleka huku na huku bila bega kushughulika. Raketi ya mtu mzima ina uzito wa gramu 250 hadi 300 na zaidi, na kichwa chake kiko mbali na mkono. Mpira wenye gramu zisizozidi 60 unaigonga kwa kasi, kwa muda wa takriban sehemu 5 za elfu moja za sekunde. Ukiipiga raketi kama unapepea jiko, mshtuko wote unatua kwenye kano.

Mbona kwenye televisheni mkono unacheza?

Ni kweli, ukimtazama bingwa akipiga fohendi, yaani pigo la upande wa mkono ulioshika raketi, unaona kifundo kimelala nyuma kisha kinafunguka kwa kasi. Lakini hafanyi hivyo kwa makusudi ya kifundo. Mwili unazunguka kwanza, mkono umelegea, na raketi inabaki nyuma kidogo kabla ya kufuata. Anayeanza anaiga kile anachokiona mwishoni, bila kile kilichokitangulia.

Na hata mabingwa hawajasalimika. Juan Martín del Potro wa Argentina alishinda US Open mwaka 2009 akiwa na miaka 20. Mwaka uliofuata alifanyiwa upasuaji wa kifundo cha kulia, na kati ya 2014 na 2015 akafanyiwa upasuaji mara tatu kwenye kifundo cha kushoto, mkono aliokuwa akiutumia kusaidia pigo la bekihendi la mikono miwili. Rafael Nadal alijitoa French Open mwaka 2016 kwa sababu ya kifundo cha kushoto. Dominic Thiem wa Austria, bingwa wa US Open 2020, aliumia kifundo Juni 2021, hakurudi tena kwenye kiwango chake, na alistaafu mwaka 2024 akiwa na miaka 31. Hao walikuwa na madaktari waliosafiri nao. Sisi wa kawaida inabidi tujilinde mapema.

Makosa manne ya kawaida

La kwanza ni kuchelewa. Mpira unatakiwa ukutane na raketi mbele ya mwili. Ukishafika ubavuni, bega halina nafasi tena ya kusaidia, na kifundo kinalazimika kuokoa pigo. Dawa yake ni kugeuza mabega mara unapoona mpira unakuja upande gani, kabla haujadunda.

La pili ni kukaba mpini. Hapa Dar es Salaam joto na jasho vinaongeza tatizo, kwa sababu mpini ukiteleza mtu anakaza zaidi. Shika kama unavyomshika ndege mdogo: asiruke, na asiumie. Unakaza kidogo tu mpira unapogusa. Njoo na taulo, na badilisha utepe wa mpini ukishakuwa laini na kuteleza.

La tatu ni namna ya kushika. Kwa fohendi ya kuanzia, shika mpini kama unampa mtu mkono. Kwa sevu, yaani pigo la kuanzisha, shika kama unashika nyundo. Wanaoanza wengi wanatumia mshiko mmoja kwa mapigo yote, na kifundo kinapindwa ili uso wa raketi uelekee kunakotakiwa.

La nne ni ukuta. Kupiga mpira ukutani ni mazoezi mazuri na hayahitaji mwenzako, lakini ukuta hauchoki na mpira unarudi haraka. Ukisimama karibu utachelewa kila pigo. Rudi nyuma, piga taratibu, na ruhusu mpira udunde mara mbili. Dakika 20 zinatosha kwa siku za mwanzo.

Vifaa vya kuazima

Wengi wetu tunaanza na raketi ya kuazima. Ipime hivi: shika mpini kawaida, kisha jaribu kupitisha kidole cha mkono mwingine kati ya ncha za vidole na kiganja. Kikiingia vizuri, mpini unakufaa. Kisipoingia, mpini ni mwembamba na utaukaba. Kikibaki na nafasi kubwa, ni mnene kwako.

Epuka nyuzi ngumu za poliesta mwanzoni, maana zinapeleka mshtuko mkononi. Epuka pia mipira iliyolowa mvua, inakuwa mizito. Mtoto asipewe raketi ya baba. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lina mipira ya hatua kwa wanaojifunza: mwekundu una kasi pungufu kwa takriban asilimia 75 kuliko wa kawaida, wa rangi ya chungwa asilimia 50, na wa kijani asilimia 25. Mtu mzima anayeanza naye asione aibu kuitumia.

Maumivu ya kupumzika na maumivu ya hospitali

Uchovu wa misuli ya mkono wa chini unaoisha kwa siku moja au mbili ni wa kawaida. Maumivu ya kifundo chenyewe yanataka upumzike. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15, mara chache kwa siku, na usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi.

Nenda hospitali bila kusubiri ukiona mkono umepinda, umevimba sana, vidole vina ganzi, au huwezi kushika kitu. Yakikaa zaidi ya wiki mbili, au ukisikia mlio wenye maumivu upande wa kidole kidogo, pia nenda.

Hatari inayofichika zaidi ni ya kuanguka ukitanguliza kiganja. Chini ya kidole gumba kuna mfupa mdogo unaoitwa skafoidi. Unaweza kuvunjika bila mkono kupinda, na picha ya eksirei ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe ufa. Damu inaufikia kwa shida, hivyo ukiachwa unaweza usiunge kabisa. Bonyeza kile kishimo kinachojitokeza ukiinua kidole gumba. Kikiuma baada ya kuanguka, chukulia kuwa mfupa umevunjika mpaka daktari aseme vingine. Usikubali kuchuliwa.

Wakazi wa Upanga wana bahati ya kuishi jirani na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Hiyo ni hospitali ya rufaa, kwa hiyo kwa tatizo lisilo la dharura anza kituo cha karibu, kama Mnazi Mmoja, ueleze wazi ulivyoanguka au pigo gani linauma.

Kurudi uwanjani

Rudi pale unapoweza kukamua taulo na kuinua chupa ya maji ya nusu lita bila maumivu. Chupa hiyo hiyo ni kifaa cha mazoezi: egemeza mkono mezani, kiganja kikitokeza nje, pandisha na shusha taratibu mara 10 hadi 15, kiganja kikitazama chini, kisha juu. Anza na fohendi za karibu na wavu, sevu iwe ya mwisho. Maumivu yakirudi katikati ya mchezo, weka raketi chini siku hiyo. Kiwanja kitakuwepo kesho.