Vitegemezi Vinavyokosekana katika Majaribio ya Programu: Kutoka Mbarara hadi Nakivale
Programu iliyotayarishwa Mbarara penye intaneti huweza kukwama katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kwa sababu maktaba moja tu haikubebwa. Katika Python, amri ya pip download hukusanya vifurushi mapema. Lakini kwa kawaida huchagua vinavyolingana na kompyuta inayopakua, si itakayopokea. Tatizo kubwa zaidi limo katika majaribio yenyewe. Pytest, kwa importorskip, huruka jaribio ambalo kitegemezi chake hakipo. Ripoti hubaki ya kijani, na wasomaji wenye haraka, nao ni wengi, hudhani yote yamepimwa. Kitegemezi cha hiari na kirukwe. Cha lazima kizuie usakinishaji kabla haujaanza. Majaribio yaliyorukwa na sababu zake, ambazo pytest -rs huzionyesha, yaandikwe katika ripoti inayokabidhiwa Nakivale.