Chipu Mbili, Mguu Mmoja

Chipu inayobeba BIOS kwenye madabodi nyingi za leo ina miguu minane, minne kila upande, na kutoka mguu hadi mguu ni milimita 1.27. Wa nne ni wa hasi, wa nane ni wa umeme. Mingine hupitisha data na mapigo ya saa, au huzuia maandishi yasiguswe. Anayetaka kujitengenezea swichi ya BIOS mbili hana haja ya kuihangaikia hiyo yote. Shughuli iko kwenye mguu wa kwanza, ule ulio jirani na kidoa kilichochongwa mgongoni mwa chipu.

Huo ndio mguu wa kuitia. Volti zikiwa juu, chipu hunyamaza na kuziachia nyaya za data. Madabodi ikizishusha volti hizo hadi sifuri, chipu huamka na kujibu. Ndiyo maana chipu mbili zinaweza kubebana mgongoni, miguu saba ikalehemiwa kwa pamoja, na zisigombane hata kidogo, mradi inayoitwa ni moja tu.

Mguu wa kwanza wa chipu ya chini hunyanyuliwa kwa sindano huku risasi yake imeyeyuka. Ukiulazimisha ungali baridi, utakatika au utaondoka na shaba ya madabodi. Wa chipu ya juu unanyooshwa nje. Waya mwembamba unatoka kwenye shaba ile iliyobaki wazi hadi mguu wa katikati wa swichi ya miguu mitatu, na miguu ya pembeni ya swichi inaunganishwa kila mmoja na chipu yake. Halafu zinafuata rezista mbili za kiloomu 10, kila moja ikitoka mguu wa kwanza kwenda wa nane wa chipu ileile. Hizi zisirukwe. Chipu ambayo haikuchaguliwa, mguu wake ukiachwa unaning'inia, haijui kama imeitwa au haikuitwa. Leo mashine inawaka, kesho inagoma, na utatafuta kosa kila mahali isipokuwa hapo.

Kwa nini basi tusikate umeme wa chipu moja, tukamaliza? Kwa sababu chipu iliyokatiwa umeme huendelea kuudokoa kupitia nyaya za data inazochangia na mwenzake, ikakaa nusu macho na kuvuruga mazungumzo. Na waya wa saa je? Huo hupiga mara mamilioni kwa sekunde, haupendi kuzungushwa kwenye swichi. Mguu wa kuitia hubadilika mara moja tu mwanzo na mara moja mwisho wa kila ombi, kwa hiyo huvumilia kipande cha waya, ingawa kikiwa kifupi ni bora.

Haja ya chipu ya akiba ilidhihirika vibaya tarehe 26 Aprili 1999. Siku hiyo kilizinduka kirusi cha CIH, kilichoandikwa na Chen Ing-hau, mwanafunzi wa Taiwan. Zamani BIOS ilikaa kwenye chipu isiyoandikika, na programu haikuwa na njia ya kuigusa. Zilipokuja chipu za kufutika na kuandikwa upya, mlango ule uliomrahisishia mtengenezaji kusahihisha makosa ukawa wazi kwa kila mtu. CIH ilifuta mwanzo wa diski, kisha kwenye madabodi zilizoiruhusu ikaandika takataka ndani ya BIOS. Prosesa ikiwashwa hukimbilia anwani moja tu, baiti 16 chini ya kikomo cha gigabaiti 4. Isipokuta maagizo hapo, feni zitazunguka na skrini itabaki giza. Kwetu hata kirusi hakihitajiki. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS, matokeo ni yaleyale.

Kampuni ya Gigabyte iliuza madabodi zenye chipu mbili tangu kiwandani, ikaziita DualBIOS. Ni jambo jema, lakini mfumo unaojiamulia wenyewe lini uiandike chipu moja kutoka nyingine mimi siuamini sana. Swichi ya mkono haiandiki chochote.

Chipu ya pili inunuliwe yenye ujazo na volti sawa na ya kwanza, na hapa namba za mgongoni zisomwe hadi herufi ya mwisho. W25Q64FV hutumia volti 3.3, ndugu yake W25Q64FW hutumia 1.8. Hiyo 64 ni megabiti, yaani megabaiti 8. Nakala ya kuandikwa humo itolewe kwenye chipu yako ya asili, isomwe mara mbili na kulinganishwa, badala ya kupakua faili la mtengenezaji. Kwenye baadhi ya madabodi namba ya kadi ya mtandao imehifadhiwa humohumo, nayo haimo kwenye faili hilo. Kifaa rahisi cha CH341A kinatosha kusoma na kuandika chipu, ila toleo lake jeusi hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data, kwa hiyo lipimwe kwa mita kwanza.

Kwenye madabodi za zamani unaweza kuwasha kwa chipu nzima, ukasubiri BIOS inakiliwe kwenye RAM, ukageuza swichi mashine ikiwa hai, kisha ukaiandika upya ile iliyoharibika. Mashine mpya hazikubali mchezo huo, kwani huendelea kuisoma chipu hata baada ya Windows kuwaka; zizimwe kwanza, na plagi itoke ukutani. Kama diski imefungwa kwa BitLocker na chipu zako zina matoleo tofauti ya BIOS, weka karibu ufunguo wake wa tarakimu 48, maana huenda ukaulizwa.